Mpwa wangu anasema sijavua sare

Bi Mshauri,

Salaam aleikum. Shikamoo sikupi kwa kuwa sijui nani kati yetu mkubwa, nami sitini nimeshaipita.

Nilikuwa askari polisi. Niliingia chuo cha polisi cha Kiganjo 1981, nikastaafu 2012 nikiwa sajini. Vizuizi vya barabarani nilivyosimama sina hesabu yake. Miaka ya tisini nilisindikiza mabasi ya Lamu, siku ambazo basi halikuthubutu kuvuka Garsen bila bunduki ndani. Naanza na hayo ili usidhani nakuandikia kwa kuchukia polisi. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha na kunijengea nyumba hapa Malindi.

Wiki sita zilizopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alisimamishwa na trafiki kwenye barabara ya Lamu, upande huu wa daraja la Sabaki. Ana miaka 23 na kazi yake ni bodaboda. Alikuwa akitoka Mambrui na abiria wawili, mama mmoja wa makamo na bintiye. Hakuvaa helmeti, wala wao. Alipopungiwa mkono hakusimama papo hapo, alikwenda mbele kama hatua ishirini. Yeye asema kando palikuwa na mchanga, angefunga breki ghafla wangeanguka wote watatu. Akazima pikipiki, abiria wakashuka. Askari akaja mbio, na rungu la kwanza likampata mkono wa kushoto naye bado amekalia pikipiki. Akaenda chini pamoja nayo. La pili lilimkuta huko huko chini. Mfupa umevunjika chini ya kiwiko. Jina la askari hakuliona, jaketi la riflekta lililifunika. Walimpeleka kituoni kwanza, hospitali masaa matatu baadaye, na sasa ana mashtaka matatu: kutovaa helmeti, kupakia kupita kiasi, na kumzuia askari kufanya kazi yake.

Siku ya tatu yake, barazani kwetu baada ya Isha, vijana walikuwa wakionyeshana video ya askari wa Marekani akimvuta dereva kutoka garini. Maneno yakahamia kwa mpwa wangu. Nikasema niliyozoea kusema: kijana akitii, rungu halina kazi. Nikaongeza nililolisikia kwa wakili mmoja kwenye video hizo hizo, kwamba askari hupimwa kwa alichokiona sekunde ile, hapimwi na watu wanaokunywa kahawa usiku. Wazee wakaitikia. Sikujua kwamba mpwa wangu amekaa mwisho wa baraza, gizani, mkono umefungwa plasta. Akainuka, akasema, "Mjomba, wewe hujavua sare," akaenda zake. Tangu siku ile hanisalimii. Dada yangu alikuwa akiniletea mahamri kila Ijumaa. Ijumaa tano sasa sijaona hata harufu.

Ningeyavumilia hayo. Lakini wiki iliyopita alinijia mtu tuliyefanya kazi pamoja, bado yuko kazini. Asema yule askari yuko tayari kutoa shilingi 20,000, na faili la kijana "litapotea". Wanachotaka ni mimi, mzee wa kazi na mjomba mtu, nimlete mpwa wangu atie saini karatasi kwamba alianguka mwenyewe na pikipiki. Sijajibu. Moyo mmoja waniambia nikubali, maana naijua njia ya malalamiko ilivyo ndefu, na kijana anapita barabara ile ile kila siku kutafuta riziki.

Kuna jambo jingine ambalo barazani sikulisema. Mwaka 1988 nilimpiga dereva wa pikapu ya maembe kwenye kizuizi. Alinijibu vibaya mbele ya watu, basi. Alivunjika meno mawili. Kitabuni niliandika kwamba aliteleza akijaribu kutoroka.

Nifanyeje?

Mjomba, Malindi

JIBU

Waaleikum salaam, mzee wangu, na shikamoo nitaitoa mimi.

Karatasi hiyo usiipeleke. Nimeanza na hili kwa sababu huenda mwenzako anarudi kesho kutaka jibu, na mengine yote yanaweza kungoja. Kijana akishatia saini kwamba alianguka mwenyewe, eksirei yake inageuka kuwa ya mtu aliyeanguka, na hakuna wakili atakayeirudisha ilivyokuwa. Na ahadi ya faili kupotea wewe unaijua kuliko mimi: faili linalopotezwa kwa hisani huokotwa siku hisani ikiisha. Atakuwa ameuza ushahidi wake kwa 20,000 na bado ana kesi shingoni. Halafu fikiria ni nani anayeombwa kulibeba jambo hili. Ni wewe, uliyeandika "aliteleza" 1988. Wanakutaka uandike neno lile lile mara ya pili, safari hii kwa mkono wa mtoto wa dada yako.

Sasa turudi barazani, maana naona hoja yako ilikuwa na nguvu na wazee hawakuitikia bure.

Maneno ya yule wakili yana asili yake, na asili yenyewe ni gari lililosimamishwa barabarani. Novemba 1984, mjini Charlotte katika jimbo la North Carolina, mtu aitwaye Dethorne Graham, mgonjwa wa kisukari, alihisi sukari inamshuka. Akamwomba rafikiye amkimbize dukani anunue juisi ya machungwa. Akakuta foleni ndefu, akatoka haraka, akarudi garini waende kwingine. Askari aliyekuwa akitazama akashuku mtu anayeingia dukani na kutoka mbio, akalifuata gari, akalisimamisha. Mpaka ilipojulikana kwamba dukani hakukuibwa hata peremende, Graham alikuwa ameshatiwa pingu, mguu umevunjika, vifundo vya mikono vimechanika, bega limeumia. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1989 majaji wakasema ulilosema wewe: nguvu ya askari ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliye pale pale, si kwa macho ya mtu anayejua mwisho wa hadithi.

Wakili wa kwenye simu hakukosea. Ila aliwakatia kipande. Majaji wale wale waliuliza pia kosa lenyewe ni zito kiasi gani, mtu huyo alikuwa hatari kwa yeyote wakati ule, na je, alikuwa akipambana au akikimbia. Hebu mpime mpwa wako kwa kipimo hicho hicho cha Marekani ulichokitoa wewe. Kosa ni helmeti na abiria mmoja wa ziada, makosa ambayo kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 ziliyawekea faini ya shilingi 1,000 kila moja. Hatari ni mama mmoja na bintiye waliokwisha kushuka. Kukimbia ni pikipiki iliyozimwa. Hata tukikupa hatua zako ishirini zote, tuseme zilikuwa ukaidi mtupu na mchanga ni uongo, hatua hizo zilikuwa zimeshakwisha rungu lilipoinuka.

Na rungu la pili? Barazani hukuligusa. Nilisoma barua yako mara tatu nikitafuta ulilitetea vipi, sikuona.

Nitakuambia ninavyoliona mimi, nawe utanisahihisha maana kazi ni yako. Askari wa barabara ya Lamu ana sababu ya kuogopa. Baada ya mauaji ya Mpeketoni, Juni 2014, hakuna aliyekaa salama mjini mwenye haki ya kumcheka askari anayemtazama kila apitaye kwa jicho la shaka. Lakini mtu anayeogopa bunduki au bomu hakimbilii kilipo kitu hicho akiwa na rungu tu mkononi. Hujificha, hupiga kelele, huwaambia watu walale. Huyu wetu alikuja mbio moja kwa moja. Hakuwa na hofu, alikuwa na hasira. Alipitwa hatua ishirini mbele ya watu, akaona amedharauliwa, akaenda kudai heshima yake. Ndiyo maana pikapu ya maembe imeingia kwenye barua yako bila mimi kukuuliza. Unaijua hasira hiyo. Barazani ulipokuwa ukimtetea yule askari, nadhani ulikuwa ukimtetea kijana mwingine, koplo au konstebo wa 1988.

Huenda ukaniambia enzi zenu sheria ilikuwa nyingine. Kwa sehemu ni kweli. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ilikuja 2011, wewe ukiwa mlangoni watoka, na Jedwali lake la Sita limeyaandika haya waziwazi: askari aanze na njia zisizo za nguvu, nguvu ije pale tu hizo zinaposhindwa, na iwe kwa kiasi cha kosa na cha upinzani. Aliyeumizwa apewe matibabu mara moja na jamaa zake waarifiwe. Askari aliyetumia nguvu aripoti kwa mkubwa wake, na jeraha likiwa kubwa taarifa iende IPOA, ile Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi. Hata jina au nambari ya askari lazima ionekane kwenye sare, kwa hiyo jaketi lililofunika jina ni kosa lake lenyewe. Masaa matatu ya kituoni ni jingine.

Lakini Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, ile mliyofundishwa Kiganjo, haikuzaliwa juzi. Kifungu cha 21 kinamruhusu askari kutumia nguvu kumkamata anayepinga, kisha kinasema hapo hapo kwamba hakihalalishi nguvu kupita ile iliyohitajika. Kifungu cha 24 kinasema aliyekamatwa asibanwe kuliko inavyotosha kumzuia asitoroke. Vilikuwako 1988. Adhabu ilikuwa ya hakimu wakati ule kama ilivyo ya hakimu leo.

Mpwa wako naye simtakasi. Mimi mwenyewe nimepanda bodaboda tukiwa wawili nyuma, kutoka sokoni hadi Kisumu Ndogo na kapu la samaki mapajani, na kila tuta nilishika roho. Mama yule na bintiye wangeanguka bila helmeti, leo tungekuwa tunazungumza habari ya matanga. Basi helmeti na abiria wa pili ayakubali mahakamani, alipe, yaishe. Shtaka la tatu, la kumzuia askari, asilikubali hata kidogo. Hilo ndilo kamba ya kufungia mengine: liliwekwa ili mkono uliovunjika upate sababu. Wewe umeandika mangapi ya namna hiyo sikuulizi, ila utakuwa wa kwanza kulitambua ukiisoma hati ya mashtaka.

Sasa hofu yako ya barabara. Hiyo siichezei. Aprili 2015, mwendesha bodaboda aitwaye Josephat Mwenda alisimamishwa na askari kaunti ya Machakos, akapigwa risasi ya mkono. Alilalamika IPOA. Tarehe 23 Juni 2016 alitoka mahakama ya Mavoko pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri, wakatekwa, na miili yao ikaja kuopolewa mtoni. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na mpasha habari wao mmoja. Nakuandikia haya nikijua yanaweza kukutia woga ukaichukua karatasi ya mwenzako. Sisemi kila askari ni wale. Lakini ukiyafumbia macho yale ukanyamaza, utamwacha kijana aende peke yake, na peke yake ndipo hatari ilipo.

Kwa hiyo asiende peke yake. Hapa ndipo miaka yako 31 inapopata kazi. Mtoto yule hajui OB, lile daftari la matukio la kituoni, inasomwaje, wewe wajua. Ajue kama tukio lake liliandikwa saa ngapi na kwa maneno gani. Aandikishe malalamiko yake ya kupigwa, kwa kituo kingine kama kile cha kwanza kinamtisha, apewe nambari ya OB na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, daktari aijaze. Karatasi za hospitali zitunzwe zote, kwa sababu saa aliyopokelewa imeandikwa humo na hesabu ya masaa matatu itajisema yenyewe. Jina la askari litapatikana kwenye hati ya mashtaka na kwenye daftari la zamu. Malalamiko ya IPOA hayalipiwi na hayahitaji wakili, na ofisi yao iko hata Mombasa. Huko huko Mombasa wako MUHURI na HAKI Africa, mashirika ya haki za binadamu, waliozoea mambo haya ya pwani, nao wajulishwe mapema ili jina la kijana liwe linajulikana na watu wengi. Nakala za kila kitu zikae kwa watu watatu tofauti. Tarehe za mahakama azijue dada yako, uzijue wewe, wazijue wenzake wa steji. Na kama mnafikiria fidia, kesi ya madai dhidi ya serikali ina muda wa miezi kumi na miwili tu tangu kuumizwa, na wiki sita zimeshakwenda.

Huenda yasizae kitu haraka. Njia ni ndefu kama usemavyo, na katika hilo sina la kukudanganya.

Kuhusu mwenzako wa zamani, mjibu kwa adabu na kwa ufupi: jambo hili si lako kulimaliza, ni la mwenye mkono. Usigombane naye. Lakini baada ya kuachana naye andika tarehe, saa na alichokuambia, kiasi cha pesa na yale maneno ya faili kupotea. Sajini hahitaji kufundishwa kuandika taarifa. Mwonyeshe mpwa wako karatasi hiyo, na yeye ndiye aamue kama itakwenda IPOA.

Yeye mwenyewe usimfuate steji mbele ya wenzake, wala usitume mzee wa kuombea radhi. Nenda nyumbani kwao, dada yako akiwepo. Usianze kwa kueleza ulimaanisha nini barazani, kwa sababu ulimaanisha ulichosema. Anza na pikapu ya maembe. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, meno mawili na neno "aliteleza", bila kutia sababu wala kusema zama zile mambo yalikuwa vile. Akikaa kimya, nawe kaa. Akiinuka akaondoka, mwache aende, rudi siku nyingine. Sikuahidi kwamba atakusamehe, na yule dereva wa maembe mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake.

Kisha kuna baraza. Ulilisema mbele ya watu, hivyo ulirudishe mbele ya watu, usiku wa kawaida, kahawa ikizunguka. Si lazima uwasimulie ya 1988, hayo ni yako na ya nyumbani kwako. Inatosha useme kwamba umelitazama tena ukiwa askari, na rungu la pili huna jibu lake. Wapo watakaoguna. Wapo pia vijana wa bodaboda wanaokaa gizani mwisho wa baraza, ambao hawajawahi kumsikia mtu wa kazi yenu akisema hivyo.

Jambo moja naona hamjaligusa kabisa, wewe wala dada yako. Yule mama na bintiye. Walishuka pikipiki ikiwa imezimwa, walikuwa wamesimama pale rungu la kwanza lilipokuja, na la pili vilevile. Baada ya miezi sita watakuwa hawana hakika nani alishuka kwanza na askari alitokea upande gani. Watafuteni sasa, muwaombe waandikishe walichokiona. Mambrui si mbali.